Curandera, mtaalamu mwenye leseni au promotora? Kulinganisha njia za tiba ya akili kwa Walatino wa Marekani

Mtu wa familia ya Kilatino (yenye asili ya Amerika ya Kilatini) nchini Marekani akianza kukosa usingizi, kulia ovyo au kujifungia chumbani, wa nyumbani kwake hawaulizi kwanza kama ana sonona. Wanauliza alishtushwa na nini, kama ni *nervios*, au kama kuna aliyemtupia jicho. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua atapelekwa wapi, na hapo ndipo mengi huharibika: mtaalamu wa kliniki hajui habari za mganga, mganga hajui vidonge vilivyomo kabatini, na mgonjwa anawaficha wote wawili.

Ulinganisho huu ni kwa Waswahili wanaoishi au kufanya kazi karibu na familia hizi: wauguzi, wahudumu wa wazee, wasimamizi wa kesi za wakimbizi, waliooa au kuolewa huko, na yeyote anayeulizwa na jirani, "Nimpeleke wapi mama?"

Jibu fupi tunaliweka mapema. Anayetaja kujiua, anayesikia sauti, au asiyekula wala kulala kwa siku kadhaa, asipelekwe kwa mganga kwanza. Pigeni 988, namba ya dharura ya afya ya akili iliyoanza Julai 2022. Ukibonyeza 2 unapata Kihispania, na anayeogopa kusikika akiongea anaweza kutuma ujumbe wenye neno AYUDA kwenda namba hiyohiyo. Anayehitaji karatasi ya mahakama au ya uhamiaji aende kwa mwenye leseni. Wengine wote, kwa maoni yetu, waanzie kliniki ya jamii yenye promotora (mhudumu wa afya wa mtaani), na curandera (mganga wa kienyeji) awe sambamba kwa masharti tutakayoyataja.

Jina la ugonjwa linabadilisha njia

Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Mmeksiko wa kizazi cha tatu huko Texas, Mpuerto Rico wa Bronx na Mmaya wa Guatemala anayeishi Oakland hawana lugha moja wala dawa moja. Hata hivyo majina machache ya maradhi utayasikia kwingi.

*Susto* ni mshtuko unaoaminika kuitoa roho mwilini: ajali, kuanguka, kuumwa na mbwa, kukamatwa mpakani. Mtu hupata usingizi wa mang'amung'amu, hamu ya chakula huisha, mwili hulegea. Wahudumu wengi hulipokea neno hili kama imani tu, nalo ni kosa la kitabibu. Utafiti uliofanywa Oaxaca, Meksiko, na kuchapishwa 1984, ulikuta wenye susto wana maradhi mengi zaidi ya mwili kuliko majirani wasio nayo, na katika miaka 7 iliyofuata walikufa wengi zaidi. Kwa hiyo anayesema ana susto apimwe sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo kabla ya mtu yeyote kuamua kuwa tatizo ni la akili au la roho. Familia nyingi za Kimeksiko huamini susto ndiyo huleta kisukari. Ukilidharau neno, umepoteza na nafasi ya kumfikisha kwenye kipimo.

*Ataque de nervios* husikika zaidi kwa Wapuerto Rico, Wadominika na watu wengine wa Karibi. Baada ya taarifa ya kifo au ugomvi mkubwa wa kifamilia, mtu hupiga kelele, hulia, hutetemeka, na husikia joto likipanda kutoka kifuani hadi kichwani. Mara nyingine huzimia. Kliniki hulichanganya na shambulio la hofu la kawaida. Tofauti ya kuangalia ni hii: shambulio la hofu mara nyingi huja bila sababu ya wazi na mtu huogopa kuwa anakufa, wakati ataque huwa na chanzo kinachojulikana na hutokea mbele ya watu. Ataque moja msibani huenda isiwe ugonjwa hata kidogo. Zikirudiarudia, kuna jambo.

*Mal de ojo* haihitaji maelezo kwa msomaji wa pwani anayejua kijicho. *Nervios* ni neno pana la mishipa iliyochoka: kichwa kuuma, tumbo kuvuruga, hasira za karibu.

Majina haya yamo hata katika DSM, mwongozo wa uchunguzi wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani. Yaliingia 1994, na toleo la 2013 linaorodhesha susto, ataque de nervios na nervios pamoja na kufungisisa ya Washona wa Zimbabwe, yaani kuwaza kupita kiasi. Toleo hilo lina pia mahojiano ya utamaduni yenye maswali 16: mgonjwa analiitaje tatizo lake, anadhani limetoka wapi, ndugu zake wanasemaje, ameshajaribu tiba gani. Mtaalamu anayeyajua maswali hayo na kuyatumia anafaa zaidi kuliko mwenye jina la Kihispania mlangoni asiyeyatumia.

Curandera

Curanderismo ni tiba ya asili ya Meksiko na kusini-magharibi mwa Marekani, mchanganyiko wa elimu ya wenyeji wa kale, Ukatoliki wa Kihispania na utabibu wa kale wa joto na baridi uliopita pia mikononi mwa Waarabu wa Andalusia. Si uchawi, na wenyewe hukasirika ukiita hivyo. Mchawi ni *brujo*, na kazi ya curandera ni kumtegua aliyerogwa. Ina matawi yake: *yerbera* wa mitishamba, *sobadora* wa kukanda, *huesero* wa mifupa, *partera* mkunga. Don Pedrito Jaramillo, mganga mashuhuri aliyefariki 1907, bado kaburi lake karibu na Falfurrias, Texas, linatembelewa na wagonjwa. Chuo Kikuu cha New Mexico kimekuwa kikiendesha kozi ya curanderismo majira ya kiangazi.

Tiba inayotafutwa zaidi kwa susto na mal de ojo ni *limpia*, usafishaji. Huanza na *plática*, mazungumzo ya wazi yasiyotazama saa. Kisha yai bichi lenye ganda zima hupitishwa mwilini kuanzia kichwani hadi miguuni kwa alama ya msalaba, sala ikirudiwa, mara nyingi Imani ya Mitume mara tatu. Wengine hufagia mwili kwa kifungu cha ruda, rozimeri na rehani, na kufukiza kopali. Mwisho yai huvunjwa ndani ya glasi ya maji na kusomwa, halafu hutupwa, haliliwi. Kwa susto kubwa kazi hurudiwa siku kadhaa.

Nguvu ya njia hii iko kwenye plática na kwenye mikono. Mgonjwa husikilizwa kwa lugha yake, hushikwa, familia huwepo chumbani, na mwisho wake anaambiwa jambo limetoka. Hakuna fomu kumi za kujaza. Kwa mtu aliyeogofywa na tukio moja, ambaye bado anakula na kufanya kazi, hilo linaweza kumtosha.

Hatari zake zinajulikana na zinaepukika. Kubwa kuliko zote ni unga wa manjano uitwao *greta* na wa rangi ya machungwa uitwao *azarcón*, unaopewa hasa watoto kwa *empacho*, tumbo lililoziba. Sehemu kubwa ya unga huo ni madini ya risasi. Mtoto aliyenyweshwa huwa mkali, hushindwa kujifunza, hulala vibaya, na mzazi akaletewa habari kwamba mwanawe ana tatizo la tabia. Mwenye dalili hizo apimwe risasi kwenye damu. Kipimo ni cha kawaida na kliniki za watoto wanacho. Unga usalimishwe kliniki, usimwagwe sinki.

Ya pili ni mitishamba ikikutana na vidonge. *Hierba de San Juan* (kwa Kiingereza St. John's wort) pamoja na sertraline au dawa nyingine za sonona za aina hiyo huweza kuleta homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na peke yake hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) na baadhi ya dawa za VVU. Valeriana na pasiflora huongeza usingizi juu ya dawa za usingizi. Ruda kufagiliwa mwilini haina neno, lakini mjamzito asiinywe. Chai ya tila au kamomili kwa kipimo cha kikombe ni salama kwa wengi, isipokuwa anayetumia warfarin amwambie daktari kuhusu kamomili pia. Kila paketi iliyonunuliwa *botánica*, lile duka la mishumaa, sanamu na majani, ipigwe picha na kuonyeshwa mfamasia.

Ya tatu ni matapeli. Curandera wa jadi hupokea unachotoa, au ada ndogo inayotajwa mapema. Anayeona "kazi" mpya kila wiki na bei ikipanda, anayekutaka uache dawa za hospitali, au anayekukataza kuwaambia ndugu zako, mwache siku hiyohiyo.

Mtaalamu mwenye leseni

Hapa kuna ngazi zinazochanganywa sana. Daktari wa magonjwa ya akili huandika dawa. Mwanasaikolojia kwa kawaida hupima na kuzungumza. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii wenye leseni ya kitabibu na washauri wa ndoa na familia huzungumza pia, na wengi wa wanaozungumza Kihispania wako kwenye kundi hili. Kipindi ni dakika 45 hadi 60, kwa kawaida kila wiki, na bila bima mara nyingi ni dola 100 hadi 200. Leseni hutolewa na jimbo, na jina la mtaalamu hukaguliwa bure kwenye tovuti ya bodi ya jimbo hilo. Mwenye shahada ya saikolojia ya Meksiko au Kolombia anaweza kuwa hodari sana, ila bila leseni ya jimbo hawezi kulipwa na bima wala barua yake haitapewa uzito.

Kwa vipindi vya video, leseni inayohitajika kwa kawaida ni ya jimbo alipo mgonjwa wakati wa kuongea. Kibarua wa mashambani anayeanza tiba California na kufuata mavuno hadi Washington hukatikiwa na tiba katikati kwa sababu hii. Mwenye ratiba ya kuhama aulize siku ya kwanza.

Tiba iliyopangwa kwa Walatino si ile ya kawaida iliyotafsiriwa tu. Guillermo Bernal na wenzake wa Puerto Rico waliorodhesha 1995 mambo manane ya kurekebisha: lugha, watu, mifano ya usemi, maudhui, dhana, malengo, mbinu na mazingira. Huko New York, Giuseppe Costantino na wenzake walitumia hadithi za kiasili za Puerto Rico kwa watoto wenye hofu, wakachapisha matokeo 1986. José Szapocznik wa Miami alianza na familia za Kikuba katika miaka ya 1970 na kujenga tiba fupi ya familia, yenye vipindi takriban 12 hadi 16. Ukimpigia mtaalamu simu, muulize anatumia mpango gani na ameubadilisha vipi. Akijibu "mimi ni Mlatino, naelewa", endelea kutafuta.

Wengi huacha baada ya kipindi cha kwanza, na mara nyingi kosa ni la mpangilio. Saa nzima huenda kwenye fomu na maswali ya siri za ndani kabla *confianza* (kuaminiana) haijajengeka, na kwa mtu aliyezoea plática hiyo ni kama polisi. Mtaalamu mwerevu huanza na dakika chache za kuulizana habari za mji na watoto, humwita mzee *usted* ("wewe" ya heshima), na huacha mama au mke aingie mwanzoni mgonjwa akiridhia. Kosa jingine ni kumwambia binti "jiwekee mipaka na mama yako" kama vile familia ni mzigo. Kwa wengi ushauri huo husikika kama kuambiwa awakane watu wake. Inafaa zaidi kumsaidia kupanga upya majukumu ya ndugu wote: nani anampeleka mama hospitali, nani anajaza fomu, nani anatuma fedha kijijini.

Kuhusu fomu ya PHQ-9 ya kupima sonona, ile ya maswali 9 yenye alama 0 hadi 27: alama 10 au zaidi huhitaji uchunguzi zaidi. Mgonjwa anayeeleza kila kitu kwa kichwa na tumbo anaweza kupata alama ndogo huku ameelemewa. Swali la 9, la mawazo ya kufa, lisomwe kwa sauti na mtu anayejua Kihispania cha mgonjwa, maana wengine hulijaza sifuri kwa heshima au kwa dini. Na dawa za sonona huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha nguvu kamili, wakati kichefuchefu huja wiki ya kwanza. Asiyeambiwa hivyo mapema huacha siku ya tano na kusema dawa za wazungu hazimfai.

Jambo la kisheria: mtaalamu hutunza siri, lakini analazimika kuripoti mtoto anayeteswa na kuchukua hatua mtu akiwa hatarini kujiua. Aeleze hilo mwanzoni. Hofu ya uhamiaji ni kubwa na hadhi ya ukaazi kwa kawaida haihitajiki ili kutibiwa, kwa hiyo mgonjwa anaweza kumwomba asiiandike kwenye faili bila sababu. Kinyume chake, kwa ombi la hifadhi au viza ya waliotendewa uhalifu, ripoti ya kisaikolojia ya mwenye leseni ni ushahidi wenye uzito, na maelezo ya kina ndiyo yanayotakiwa.

Promotora na kliniki ya jamii

Promotora ni mtu wa mtaa uleule aliyefunzwa: hutembelea nyumba, hueleza ugonjwa kwa maneno ya nyumbani, hufuatilia miadi. Si tabibu. Kazi yake ni kuvusha. Wengi wako kwenye kliniki zinazopokea ruzuku ya serikali kuu, kama La Clínica de La Raza iliyoanzishwa Oakland 1971. Kliniki za aina hiyo zinatakiwa kupunguza bei kwa kipato: aliye kwenye mstari wa umaskini wa serikali au chini yake hupata punguzo kamili, pengine akatozwa ada ndogo ya jina tu, na kati ya hapo na mara mbili ya mstari huo hupata punguzo la sehemu. Beba hati za mshahara. Anayelipwa taslimu aombe fomu ya kujieleza kipato. Wengi hurudishwa nyumbani kwa kutojua kuwa ipo.

Faida yake kuu ni jengo moja. Mgonjwa huja kwa presha au sukari, daktari anamwona amezama, anamwita mshauri aingie chumbani palepale na kumtambulisha kwa jina. Hakuna anayemwona akiingia "kwa wendawazimu". Ubovu ni muda: vipindi mara nyingi ni dakika 20 hadi 30, na foleni ya tiba ndefu huweza kuwa miezi. Pia promotora akiwa jirani, siri huogopewa. Omba wa mtaa mwingine. Ni ombi la kawaida.

Duara na kanisa

Maduara ya uponyaji, yaani vikundi vya kukaa pamoja na kuzungumza, huwafaa hasa wanaume wasioweza kukaa peke yao na mtaalamu. Mfumo unaojulikana ni La Cultura Cura wa Jerry Tello na National Compadres Network. Padre husikiliza, na siri ya kitubio haivunjwi, lakini si tiba ya sonona. Kwa ulevi, vikundi vya Kihispania vya kujisaidia viko miji mingi. Ogopa tu *anexo*, nyumba za kufungiwa zisizo na leseni: usimwache ndugu yako kabla hujaingia ndani na kuona dawa zake zitatolewa na nani.

| | Curandera | Mwenye leseni | Kliniki na promotora | Duara au kanisa |
|---|---|---|---|---|
| Inafaa zaidi | Susto la karibuni, mal de ojo, majonzi | Kiwewe, sonona nzito, ripoti ya kisheria | Kuanza, maradhi ya mwili na akili pamoja | Upweke, ulevi, baada ya tiba |
| Gharama | Hiari au ada ndogo | Dola 100–200 bila bima | Kwa kipato | Bure au mchango |
| Dawa | Mitishamba | Daktari wa akili huandika | Daktari wa kliniki | Hakuna |
| Siri kisheria | Hakuna wajibu | Ipo, yenye mipaka | Ipo, yenye mipaka | Kitubio tu |
| Kinachoharibu | Risasi, mchanganyiko wa dawa, utapeli | Haraka, bei, leseni ya jimbo | Foleni, vipindi vifupi | Kuchelewesha tiba |

Kuchanganya bila kudhuru

Mgonjwa akiwa na curandera na daktari, karatasi moja iwe na majina ya vidonge, dozi na majani yote, na ionekane na wote wawili. Limpia ifanywe bila kunywa chochote kipya ndani ya wiki mbili za kuanza dawa au kubadilisha dozi, ili madhara yakitokea ijulikane yametoka wapi. Asiache dawa ghafla kwa sababu amejisikia vizuri baada ya limpia. Hupunguzwa polepole na aliyeiandika. Na mtaalamu wa kliniki asiulize "Unaenda kwa waganga?" Atajibiwa hapana. Aulize, "Watu wengi hutumia chai au limpia pia. Wewe umejaribu nini?"

Kilichobaki ni mkalimani. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya 2010 zinaitaka kliniki inayopokea fedha za serikali kuu kutoa mkalimani mwenye sifa bila malipo, na kumtumia mtoto hairuhusiwi isipokuwa dharura. Usikubali Kihispania kwa kila Mlatino. Watu wa Mam wa Guatemala walioko Oakland na Wamixteco wa Oxnard wengi wao hukijua kidogo tu, na huitikia *sí* (ndiyo) kwa adabu bila kuelewa. Wakati wa kuagiza mkalimani taja lugha na mji wa asili, kwa kuwa Kimixteco cha mji mmoja huenda kisieleweke mji wa pili. Haki hiyohiyo ni ya mzungumzaji wa Kiswahili kwenye kliniki hizohizo, na kanuni ni ileile: mkimbizi kutoka Uvira aseme anataka Kiswahili cha Kongo, na aseme hivyo siku ya kupanga miadi, kwa sababu siku ya kipindi mara nyingi huwa wamechelewa kumpata.